Muvi ya mpelelezi binafsi bwege, Mbeya, bajeti ya kuungaunga: kesi isimame au tuweke mitaro tu?

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Tuko vijana kadhaa hapa Mbeya, tunaandaa muvi ya kuchekesha ya upelelezi. Hela ni ya kuungaunga: michango yetu wenyewe, kamera ya kuazima kwa jamaa anayepiga picha za harusi, na maiki mbili, moja ikisikia pale inapojisikia. Skripti iko rasimu ya pili. Nimeleta uzi kwa sababu kuna jambo limetugawa, na sitaki tuanze kushuti watu wameshanuniana.

Kambi ya kwanza inasema: mpelelezi ni bwege, watu wanakuja kucheka, kesi ya kuumiza kichwa ya nini? Aanguke mtaroni, akimbizwe na mbwa, aingie choo cha kina mama, mwisho mwizi akamatwe kwa bahati, watu warudi makwao wamefurahi. Kambi ya pili ni mimi na dada anayeandika skripti. Sisi tunasema mpelelezi awe bwege anavyotaka, ila kesi isiwe bwege. Kesi ikisimama, kila anachokosea kina gharama, na hapo ndipo kicheko kinapotoka. Kesi ikiwa ovyo, huyo ni mtu anayeanguka mtaroni tu. Mara ya kwanza utacheka, mara ya tatu unaangalia simu.

Stori ni hii. Mpelelezi wetu ana ofisi Kabwe, lakini ofisi yenyewe ni kona ndani ya duka la steshenari la shemeji yake. Kibao nje kimeandikwa UPELELEZI BINAFSI, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, TUNATOA KOPI NA LAMINESHENI. Wanaoingia karibu wote wanataka kopi ya kitambulisho. Siku moja anaingia mzee wa kanisa. Kinanda cha kwaya kimeibiwa na tamasha liko mlangoni. Polisi wameshaarifiwa, jalada limefunguliwa, ila mzee anahisi mwizi ni wa humohumo ndani na anataka ajulikane kimyakimya kabla kanisa halijaaibika. Ndiyo maana kaja kwa mtu wa kopi.

Washukiwa wanne. Mwalimu wa kwaya, aliyenyimwa posho. Mweka hazina, ambaye kila wakitaja ukaguzi wa vitabu anaumwa. Fundi redio wa Mwanjelwa, aliyekitengeneza kinanda mara ya mwisho na hakulipwa chote. Na kijana wa bajaji anayebeba vyombo vya kwaya.

Sasa kidokezo. Aliyeiba alibeba kinanda akasahau adapta. Imebaki ukutani, nyuma ya spika. Mpelelezi anakuja kukagua eneo la tukio, simu imeisha chaji, anaona waya unaning'inia, anadhani mtu kasahau chaja. Anachomoa. Haingii kwenye simu yake. Anaitia begini hata hivyo, maana ni mtu ambaye hatupi kitu. Kuanzia hapo ushahidi mkuu wa kesi uko begani kwake muvi nzima, na mtazamaji anajua. Akifungua begi kutafuta daftari, waya unachungulia. Akitoa chapati, adapta inadondoka, shahidi anamwokotea anamrudishia. Wakati huohuo mmoja wa washukiwa anazunguka mjini kutafuta adapta ya volti 12. Anaulizia kwa mafundi wa Mwanjelwa, anaulizia Sokomatola, mwisho anaingia steshenari ileile kuuliza kama wanauza chaja. Mpelelezi anamjibu kwamba chaja hawana, ila anaweza kumtolea kopi.

Hiyo scene inataka watu wawili na meza. Haina gharama. Nauliza: mtazamaji akijua kabla ya mpelelezi, utamu unaisha au ndiyo unaanza?

Mtoto wa Mafiati

Mkuu unaandika vizuri ila unamwandikia nani? Mtu wa kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani, hana muda na adapta. Mimi nimekulia kibandani enzi zile DJ Lufufu anatafsiri muvi za nje kwa Kiswahili, watu walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha. Mule ndani hakuna aliyekuwa anafuatilia vidokezo. Weka mtaro, weka mbwa, uza. Vidokezo peleka Zanzibar kwenye tamasha la filamu wakakupigie makofi wazungu.

Mleta uzi

Kaka, wewe umekulia kibandani halafu umesahau kelele zake? Mule watu wanaongea na skrini. "We! Nyuma yako! Usifungue huo mlango!" Mtu kalipa kiingilio chake na anamshauri jambazi wa Marekani kwa Kisafwa. Watu hao ndio ninaowaandikia. Wape siri ambayo mpelelezi hana, uone kama hawatasimama kwenye mabenchi. "Iko kwenye begi, mjinga wewe!" Hicho kicheko mtaro hauwezi kukinunua.

Na mbwa wa kufundishwa anamtoa wapi mtu mwenye bajeti yangu?

Bibi wa Rafu za Vitabu

Mwanangu, naunga mkono kesi isimame. Sisi tumelelewa na wapelelezi wa riwaya zetu za Kiswahili: Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango. Bwana Msa na kiko chake alikuwa anakaa anafikiri, wewe msomaji uko pembeni unafikiri naye, na ukishindwa unarudi nyuma kurasa kadhaa unakuta jibu lilikuwepo. Hakukudanganya. Gamba yeye alikuwa wa mbio na bastola. Wote hao walikuwa watu wa uwezo, mpaka raha ya kuwaona wakikwama tulikuwa hatuipati sana. Huyu wako ni kinyume, basi mkataba na mtazamaji uwe uleule: jibu liwepo mbele ya macho. Ukilileta dakika ya mwisho kwa ndoto au kwa mganga, nitadai nauli yangu.

Mleta uzi

Shikamoo bibi. Mganga yupo kwenye skripti, ila naye kaibiwa redio na anataka kumwajiri mpelelezi.

Tukuyu Mvua Haikatiki

Ngoja niwaongezee kitu cha bure kutoka Rungwe. Huku mvua ni jirani, haihitaji kupiga hodi. Mpelelezi aje Tukuyu kuhoji shahidi, aandikiwe jina la mhusika kwenye daftari kwa wino, daftari liloe njiani kwenye bodaboda. Akifika Mbeya anakuta wino umetiririka, zimebaki herufi tatu: MWA.

Sasa afanye kazi. Anarudi Tukuyu na Mwa yake. Mlango wa kwanza, Mwakalinga. Wa pili, Mwaisaka. Wa tatu, Mwambene. Mwenyekiti wa mtaa, Mwa. Mgonjwa anayepita kwenye machela, Mwa. Anakaa chini ya mgomba wa ndizi analia.

Mleta uzi

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Hii inaingia. Gharama ni daftari moja na maji.

Mchoraji wa Soweto

Na kama kilichoandikwa hakikuwa jina?

Tukuyu Mvua Haikatiki

Kivipi mkuu?

Mchoraji wa Soweto

Shahidi alisema "mwalimu". Jamaa akaandika Mwalimu. Mvua ikabakiza Mwa. Yeye kazunguka wilaya nzima akigonga milango ya kina Mwa, kumbe neno linahusu mtu anayemsalimia kila Jumapili. Na mtazamaji alisikia shahidi akilisema, ila bati lilikuwa linapigwa na mvua, akalisikia nusu.

Mleta uzi

Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Dada wa skripti kapigiwa simu usiku huu na kanitukana kwanza halafu kashukuru. Mnaona sasa, Mtoto wa Mafiati? Kichekesho kilekile cha kina Mwa, bila "mwalimu" ndani yake kinaisha watu wakimaliza kucheka. Ukikipa "mwalimu", mtu anarudi kuangalia mara ya pili.

Sijasema mwalimu ndiye mwizi. Shahidi kamtaja, basi. Kutajwa siyo kuiba.

Mtoto wa Mafiati

Hiyo nimeikubali. Ila mtaro mmoja uwepo.

Wakili wa Kijiweni

Wakuu, msije mkampa huyo jamaa mamlaka asiyokuwa nayo. Mpelelezi binafsi kwa sheria zetu ni raia tu kama muuza machungwa. Hana ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu kupekua, hana hati, hana pingu. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewesha. Huyo akimfungia mshukiwa kwenye chumba cha kopi akamhoji usiku kucha, anayeenda mahabusu ni yeye.

Na hapo mna kichekesho mmekiacha. Jamaa kamkamata mtu kihalali kabisa, sasa lazima ampeleke kituoni, hana nauli. Inabidi amwombe mtuhumiwa. Mtuhumiwa anasema mimi ninayo ya kwenda tu, ya kurudi utajijua. Wanabishana na bodaboda bei ya mishikaki, yaani kupakiana watatu kwenye pikipiki moja.

La pili, kibali. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ndiyo iliyoleta Bodi ya Filamu. Kibali cha kushuti unaomba kabla, na kazi ikishakamilika inakaguliwa na kupangiwa daraja kabla haijaonyeshwa hadharani. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza. Sare za polisi msikodishe kwa fundi cherehani mkaanza kutembea nazo Mwanjelwa. Askari wa kweli atakuja, na hatakuwa anaigiza.

Mleta uzi

Asante sana mkuu. Nauli ya mtuhumiwa inaingia. Sare hatuna, polisi kwetu anasikika kwenye simu tu. Imetupunguzia gharama na kesi.

Kamwene Iringa

Kamweneee! Mbona Mbeya Mbeya tu? Leteni hata dakika tano Iringa. Mji wetu uko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Fikiria mkimbizano wa bajaji kupanda kutoka Ipogolo. Mwizi kapanda bajaji yake, mpelelezi kapanda nyingine akiwa na shemeji na mzee wa kanisa. Mteremko ule bajaji ya watu wazima watatu haipandi. Dereva anasema mmoja ashuke asukume. Anashuka mpelelezi. Anasukuma huku anapitwa na bibi mwenye kuni kichwani. Mkimbizano wa mwendo wa kutembea, mnaupiga kwa kamera moja begani.

Mleta uzi

Picha naiona kabisa. Tatizo ni kuwahamisha watu na vyombo hadi Iringa na kuwalaza. Huo mlima tutautafuta hukuhuku, Mbeya vilima havijatunyima. Ila bibi wa kuni hatutamwacha, na jina lako tutaliandika kwenye shukrani.

Mzalendo wa Mbozi

Nashangaa hamjataja kimondo. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zaidi ya 10 kilichotoka angani, kiko hapo tu mkoa wa Songwe. Na Ziwa Ngosi. Na Daraja la Mungu kule Kiwira. Hivi vitu ndivyo vitakavyoitangaza muvi. Drone ikipaa juu ya Ngosi hata Netflix wanakupigia.

Mleta uzi

Mkuu nakuheshimu, ila hapa nakataa. Nimeona muvi nyingi za nyumbani zikisimama ghafla katikati ili watu waende kupiga picha mahali pazuri. Washukiwa wanabishana uchumba, mara wako ufukweni, mara wako kwenye maporomoko, hakuna aliyeeleza walifikaje. Mahali pasipokuwa na kazi kwenye kesi ni utalii. Kinanda cha kwaya kitafuata nini Ngosi? Nani kakipandisha ule msitu? Na drone nayo ina kibali chake cha anga.

Kimondo ningekitumia kwa njia moja tu. Mpelelezi aajiriwe kukilinda kisiibiwe, akae macho usiku kucha na tochi, asubuhi aandike ripoti kwamba hakuna aliyejaribu. Labda iwe ndiyo kazi yake ya nyuma, anayojisifia kwa wateja: "Mimi hakijawahi kuibiwa kitu mikononi mwangu." Sentensi moja, tumemaliza.

Ninachokitaka sana ni ukungu wa Kawetere asubuhi, njia ya Chunya. Hapo mpelelezi anamfuatilia mshukiwa mwenye koti la kijani. Ukungu unafunga, unafunguka, koti liko mbele. Unafunga, unafunguka. Anafuata koti mpaka mlangoni kwa watu, anakaribishwa chai, kumbe ni mtu mwingine aliyenunua mtumba kwenye belo moja. Wenye studio wanalipia mashine ya moshi ili wapate hicho. Sisi Mungu anatuwashia kila siku.

Halafu stesheni ya TAZARA. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia, sisi tutatumia benchi moja. Mwizi kataka kutoroka, mpelelezi naye kaja kupanda treni, wote wawili wamekosea kusoma ratiba, wamekuja siku isiyokuwa na treni ya abiria. Wanakaa. Njaa inauma. Mmoja ana mahindi ya kuchoma. Wanaongea kuhusu maisha na kwa nini kwaya siku hizi hazina besi. Mpelelezi hajui kakaa na nani. Mtazamaji anajua, na adapta iko katikati yao kwenye benchi. Kibali cha stesheni tutaomba. Tukinyimwa, benchi ni benchi, tutaliweka uani.

Fundi Mitambo Uyole

Nimesoma yote, hakuna aliyetaja sauti. Picha mbaya watu watavumilia, watasema ni staili. Sauti mbaya wanafunga. Na muvi yako yote ni maneno, kichekesho kikimezwa na honi umekwisha.

Kwanza, Kabwe na Mwanjelwa usijaribu kurekodi maongezi mchana. Kila duka lina spika inatangaza bei. Tafuta duka la mtaa wa ndani, libandike kibao, liite Kabwe. Pili, mvua kwenye bati haina dawa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili utashinda mnasubiri. Shutini Juni na Julai, kumekauka, baridi tu, na baridi inaonekana vizuri, mtu akitetemeka kweli hahitaji kuigiza. Ile mvua ya daftari la Tukuyu pigeni kwa ndoo na bati, sauti yake iwekwe baadaye ndiyo mtaweza kuficha "limu" ya mwalimu vizuri. Tatu, rekodi sauti kwa simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, kibanio ndani ya kola, na kila mkianza mpige makofi mara moja mbele ya kamera ili mhariri apate pa kuoanisha. Huo upepo wa Kawetere, vaa maiki soksi ya manyoya. Hata soksi ya mtoto inafaa.

Mleta uzi

Hili ndilo jibu bora la uzi mzima hadi sasa, samahani wengine. Nimelinakili kwenye daftari, kwa penseli.

Dada wa Skripti

Nimejiunga humu kwa sababu nimechoka kutajwa. Nina swali ambalo huyu hajaleta. Shemeji mwenye steshenari. Kuna wanaotaka yeye ndiye awe mwenye akili, atatue kesi, mwanaume abaki mjinga. Nimeiona sana hiyo, mwanamke anafanywa mwerevu halafu hapewi kazi nyingine yoyote, hachekeshi, anakunja uso tu.

Mimi nimemwandika hivi: anajua kila kitu na hana habari. Kila mtu mjini anakuja kutoa kopi kwake. Mweka hazina kaleta risiti za kinanda azitoe kopi, zenye tarehe iliyofutwa. Kijana wa bajaji kaleta barua ya kuomba kazi. Mwalimu wa kwaya kaleta nota, na kinanda hicho kwenye nota kimeandikwa kama kipo. Karatasi zote zimepita kwenye mkono wake. Mpelelezi amekaa mita mbili kutoka kwenye ile mashine, anazunguka mkoa mzima kutafuta alichokipa kisogo. Hakuna aliyemuuliza shemeji, naye kazi yake siyo kesi, kazi yake ni shilingi mia kwa ukurasa.

Bibi wa Rafu za Vitabu

Huyo sasa ndiye Bwana Msa, kakaa kwenye mashine ya kopi. Mwache awe na hasira kidogo ya madeni, atachekesha.

Mtoto wa Mafiati

Nani ataigiza mpelelezi? Chukueni mchekeshaji mwenye jina, vinginevyo hamuuzi.

Dada wa Skripti

Mwenye jina atakula bajeti yote siku ya kwanza, na akifika atataka kuchekesha. Huyu mpelelezi hajui kwamba anachekesha. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018, ukimwangalia usoni alikuwa mtu mwenye shida ya kweli, kicheko kilikuwa chetu sisi. Tumempata mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuigiza. Anasoma mistari kama anaita majina ya wanafunzi. Tukamwambia usibadilishe chochote.

Mtoto wa Mafiati

Na mtauza wapi? Zama za kupeleka diski Kariakoo zimepita.

Mleta uzi

Tukipata daraja kutoka Bodi, tutagonga chaneli za Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo. Wakikataa, YouTube. Na tuzo za filamu za kitaifa Desemba 2021 zilifanyika hapahapa Mbeya, kwa hiyo asituambie mtu kwamba huku ni mbali. Wimbo wa kwaya tutatumia uliotungwa na kwaya yenyewe, kwa maandishi, tusije tukaitwa na COSOTA, wale wa hakimiliki.

Mchoraji wa Soweto

Nadhani mwisho ile adapta itaingia mahali, mbele ya watu wote.

Mleta uzi

Sijibu.

Mchoraji wa Soweto

Umeshajibu mkuu.

Mama Lishe Uyole

Wanangu mmeongea yote, nimesoma mpaka mwisho sijaona chakula. Watu wanashinda Kawetere kwenye baridi, mtawapa nini? Biskuti?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Tulifikiria chai na mihogo.

Mama Lishe Uyole

Marahaba. Mihogo mtu atalala katikati ya kazi. Wali wa Kyela, maharage, mboga, parachichi. Nyama siku ya mwisho. Mko wangapi?

Mleta uzi

Kama kumi na wawili mama, siku za Kawetere. Bei je?

Mama Lishe Uyole

Sahani elfu mbili bila nyama, nauli ya bajaji juu yenu. Sufuria zangu zirudi zote. Na huyo bibi wa kuni wa kwenye mlima, kama hamjampata, mimi kuni nabeba.

Dada wa Skripti

Mama, Jumamosi saa nne asubuhi, steshenari. Njoo na koti.